Ringi za Mzee Mgata

“Kosa la mkono hufunguliwa, la ulimi halina spana.” Shangazi yenu kaisema sasa hivi, nanyi mmecheka, mkauliza spana imeingiaje kwenye methali. Iliingia kwa aibu, wajukuu zangu, na ilikuwa hivi.

Hapa Ismani aliishi Mzee Kihwele, mkulima wa mahindi. Alikuwa na trekta kuukuu lililokaa uani misimu miwili bila kuwaka, hata kuku wakataga kwenye kiti chake. Binti yake Semeni aliolewa na kijana aitwaye Lusungu, aliyerudi kutoka mjini akijiita fundi. Gereji alikuwapo kweli, lakini kazi yake kubwa huko ilikuwa kuosha vyuma kwa dizeli na kuwatazama wenzake wakifunga injini. Hilo hakulisema. Nani asiyependa ukweni waseme binti yao kapata mtu?

“Baba, niachie mimi,” alimwambia mkwewe. “Mvua ikinyesha utalima.”

Akaifungua injini, akakuta ringi, zile pete za chuma zinazovishwa pistoni, zimelika. Mzee Kihwele akaenda kwa rafiki yake Mzee Mgata, mwenye duka la vipuri njia panda, akarudi na ringi mpya. Siku ya kufunga, majirani walijaa kutazama. Lusungu alifanya kazi kwa mbwembwe, huku akipiga soga, mikono ikienda mbio ili watu waone fundi alivyo.

Trekta liliwaka, watu wakashangilia. Lilipoingia shambani na kuteremsha plau, likatoa moshi mzito, likakoroma, likazimika. Likawashwa tena, likazimika tena. Shangwe ikafa. Macho yote yakamgeukia Lusungu, naye akahisi masikio yanawaka moto.

“Ringi ni za bandia,” alisema. “Mzee Mgata amekuuzia takataka, Baba.”

Hakuwa amelifikiria neno hilo. Lilimtoka tu, kama mtu anavyoinua mkono kujikinga kofi. Alidhani mkwewe ataguna, yaishe. Kumbe Mzee Kihwele alichukua fimbo yake akashika njia, na Lusungu akalazimika kumfuata nyuma.

Ilikuwa siku ya gulio pale njia panda. Mbele ya umati Mzee Kihwele alisimama mlangoni pa duka, akapaza sauti: “Mgata, umekuwa mwizi tangu lini? Unaniuzia uchafu, mimi!”

Mzee Mgata aliweka kikombe chake chini. “Kihwele,” aliuliza polepole, “mimi?”

Wateja waliokuwa wakichagua vipuri wakavirudisha mezani, wakaondoka. Lusungu aliliona hilo. Alitaka kusema, “Baba, ngoja kwanza,” lakini ulimi uliokuwa mwepesi shambani sasa ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Nyumbani aliifungua injini upya ili ringi zirudishwe dukani. Alipoifuta ya kwanza kwa kitambaa, aliona alama ndogo iliyochongwa, alama inayotakiwa kuelekea juu. Ilikuwa imeelekea chini. Akatazama ya pili. Chini. Zote alikuwa amezifunga kichwa chini, miguu juu. Akaketi palepale kwenye mafuta machafu.

Semeni alimletea maji ya kunawa. “Umeupata ubovu?”

“Nimeupata,” alisema bila kuinua uso. “Ni mimi.”

Semeni aliyaweka maji chini. “Basi usiniambie mimi. Aliyetukanwa si mimi.”

Lusungu akaenda kuchuchumaa mlangoni pa mkwewe, macho chini. “Baba, ringi ni nzima. Nilizifunga vibaya. Mzee Mgata hana kosa. Nami sijawahi kufunga injini maishani mwangu.”

Mzee Kihwele aliiegemeza fimbo yake ukutani. Kisha akasema, “Zigeuze. Lakini yale niliyoyasema gulioni, mwanangu, tutayageuzaje?”

Ringi ziligeuzwa, na trekta likalima kana kwamba halijawahi kuugua. Gulio lililofuata wakaenda wote wawili njia panda. Mzee Kihwele alivua kofia, na Lusungu akaeleza yote kwa sauti, watu wakisikia, jasho likimtiririka.

“Nimesikia,” alisema Mzee Mgata. “Nimesamehe.” Na alisamehe kweli, hakuwa mtu wa kinyongo.

Lakini miaka yote ya nyuma, kila Mzee Kihwele alipofika dukani pale, alikuwa akipita nyuma ya meza na kujimiminia chai mwenyewe. Siku ile Mzee Mgata aliinuka, akafuta kiti vumbi, akakiweka upande wa wateja.

“Karibu uketi, Mzee Kihwele.”

Chai ikaletwa kwenye kikombe cha wageni. Wakazungumza habari za mvua, kwa adabu, kisha wakaagana.

Njiani Lusungu alishindwa kuvumilia. “Baba, injini imepona. Na hili nalo si litapona?”

Mzee Kihwele hakugeuka. “Kosa la mkono hufunguliwa, mwanangu,” alisema. “La ulimi halina spana.”