Madoa ya Zambarau

— Paukwa!
— Pakawa.
— Niwape au niimeze?
— Tupe.

Palikuwa na Kanga mwenye vifaranga saba, na kiangazi kilichokausha mito yote. Likabaki bwawa moja, nalo Kiboko akalikalia. Alilitaka liwe lake peke yake, ila kuwafukuza wanyama wote kwa siku moja aliogopa. Akaanza na wenye madoa.

Kanga akaenda asubuhi. "Wenye madoa, nyuma," akasema Kiboko. Akaenda adhuhuri. "Wenye madoa, nyuma." Akaenda alasiri. "Sijasema nyuma?" Kifaranga mdogo akawa hawezi tena kusimama.

Kanga akamwendea Swala. "Dada, Kiboko anatunyima maji kwa sababu ya madoa yetu."

"Labda hukubisha hodi," akajibu Swala. "Mimi hunisalimia vizuri."

Akamwendea Ngiri. "Mbona mimi sijaona kitu?" akasema Ngiri.

Kesho huenda Kanga angezika mtoto.

Alfajiri akaruka juu ya mzambarau ulioinamia njia ya bwawani. Zambarau zilikuwa zimeiva hadi kupasuka. Swala akapita chini, Kanga akatikisa tawi. Ta, ta, ta. Ngiri akapita. Ta, ta, ta. Wakafika bwawani migongo imejaa madoa.

"Wenye madoa, nyuma," akasema Kiboko.

"Ni mimi, Swala. Jana tulisalimiana."

"Nyuma."

Swala akangoja Ngiri amtetee, kumbe Ngiri naye anamngoja yeye. Akageuka, akamwona Kanga ameshuka mtini, yuko na vifaranga wake, yule mdogo amelala mgongoni kwa mama.

"Hivi ndivyo anavyokwambia?"

"Kila siku, dada."

"Basi anatuonea," akasema Swala. "Sisi wenye madoa."

Kanga akanong'ona, "Ana mdomo mmoja. Sisi tuingie pande tatu."

Wakaingia. Kiboko akamkimbilia Swala, chubwi! Akamgeukia Ngiri, chubwi! Akamvamia Kanga, chubwi! Akazunguka hadi akanasa kwenye tope, pumzi juu juu. Vifaranga wote saba wakanywa.

Maji yakawaosha. Swala akatoka anang'aa, mgongoni hana hata doa. Akamtazama Kiboko pale topeni.

"Masikini," akasema. "Na alivyokuwa mpole."

Kanga akasikia. Akawaambia watoto wanywe haraka.

Ngano yangu nimeitua hapa, mwenye mgongo aibebe. Funzo lake ni hili: ukitaka kuishi vizuri na majirani, usiwachafue.