Sifa za Kiboko na Bomba la Nguchiro

Hapo zamani za kale, ila si kale mno, maana mashine zilikuwa zimekwisha kufika porini, wanyama wa Bonde la Kivumoni walikunywa maji ya bomba. Ndiyo, ya bomba! Msinicheke. Kila nyumba ilikuwa na bomba lake, na mabomba yote yalifunguliwa kila alfajiri na mashine moja kubwa iliyokaa ukingoni mwa bwawa.

Mashine haina akili. Hufanya kama ilivyoandikiwa, na fundi wa kuiandikia programu alikuwa Kifaru. Kichwani mwa mashine mlikuwa na vyumba vimepangana safu moja, kila nyumba na chumba chake. Mlangoni mwa chumba Kifaru aliandika "fungua", na ndani yake akaandika jina la mwenye nyumba. Cha kwanza kilikuwa chumba cha Kiboko, kikafuata cha Nguchiro, kisha cha Kifaru mwenyewe, kisha cha Swala, na kuendelea.

Sasa, Kiboko alipenda sifa kupita kiasi. Kila sherehe alijiongezea cheo, na cheo lazima kiandikwe kwenye mashine, kwa sababu alfajiri mashine iliita majina bonde zima likasikia. Siku alipojiita Kiboko Mzee Mkuu wa Tope la Juu, bomba la Nguchiro likakauka.

Kroo, kroo, kroo! Hata tone halikutoka.

Nguchiro alikuwa mama mwembamba, mwenye watoto wengi na subira kidogo. Asubuhi ile ilibidi awatume watoto kinamasini kuchota maji. Kitinda mimba wake akarudi analia, ncha ya mkia ameiacha kinywani mwa Mamba. Nguchiro aliufunga mkia kwa jani, kisha akaenda moja kwa moja kwa Kifaru.

"Hodi, fundi!"

"Karibu, Bi Nguchiro. Mbona mbio?"

"Bomba langu limekufa."

Kifaru akachungulia kwenye mashine, akacheka. "Aa! Sifa za Kiboko zimejaa chumbani kwake mpaka zikamwagikia kwako. Zimefuta 'fungua' yako. Jambo dogo hilo."

Akaiandika upya juu ya sifa zilizomwagika. Trrrr! Maji yakaja. Lakini alfajiri iliyofuata mashine ikaita, "Kiboko Mzee Mkuu wa..." kisha ikanyamaza. Kiboko akatoka bwawani ananguruma.

"Nani kanikatia sifa zangu? Mkuu wa nini? Bonde zima linauliza, mkuu wa nini!"

Kifaru akamwandikia sifa zake mpaka mwisho, na bomba la Nguchiro likakauka tena. Ikawa ndiyo mtindo. Akirudishiwa Nguchiro maji, Kiboko anapoteza sifa. Akirudishiwa Kiboko sifa, Nguchiro anapoteza maji. Na Kiboko, watoto wangu, ana mdomo mkubwa kuliko Nguchiro.

Nguchiro akarudi kwa fundi na shauri.

"Fundi, ng'ambo ya mlima Kindi ana mashine ya kusaga. Anaiandikia kwa lugha mpya. Ndani ya lugha ile mna mkaguzi. Kabla mashine haijasogea, mkaguzi husoma kila neno. Jina likizidi chumba, anakataa, na anakuonyesha pale pale palipozidi. Mimi mwenyewe nimeijaribu."

Hakumwambia kwamba mkaguzi alimkatalia kutwa nzima, mpaka akatamani kuing'ata mashine ya watu.

"Mkaguzi?" Kifaru akapuliza pua. Puh! "Lugha yangu alinifundisha babu. Nikisema, mashine inafanya. Haiulizi! Leo niende kuulizwa maswali kama mtoto wa chekechea? Usiache mbachao kwa msala upitao, Bi Nguchiro."

"Lakini mbachao wako umetoboka, fundi."

"Kipya kinyemi ingawa kidonda! Lugha haina kosa. Kosa ni la mwandishi asiyeangalia. Nitakuwa mwangalifu, basi."

Akawa mwangalifu kweli, mpaka Kiboko aliponguruma tena. Watoto wa Nguchiro wakarudi kinamasini na vibuyu vyao, na mama yao akawa anashika roho mkononi kila wakichelewa.

Wakati wote huo bomba la Kifaru lilitiririka. Trrrr, trrrr, ndani ya dimbwi lake zuri la tope. Nguchiro alilitazama dimbwi lile akaelewa jambo moja. Kifaru hakuwa mbaya. Alikuwa hana kiu tu.

Jioni hiyo akamfuata Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Umekuja kulalamika?"

"Mimi? Nimekuja kukuonea huruma. Bwana mzima kama wewe, unaitwa Mzee Mkuu wa Tope la Juu, basi? Na tope la chini ni la nani?"

Kiboko akafumbua macho yote mawili. "Ehee! La nani?"

"Ni lako, bwana. Na ile miayo yako, nani anaiweza? Ilitakiwa mashine iite hivi: Kiboko Mzee Mkuu wa Tope la Juu na Tope la Chini, Mfalme wa Miayo."

"Mfalme wa Miayo!" Kiboko akapiga mwayo palepale, kuonyesha. "Lo! Tamu hiyo. Tuongeze na Mwenye Shingo Nzuri."

Nguchiro akahesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza. Akahesabu tena.

"Hapana, bwana. Hapo hapo panatosha. Sifa zikizidi zinakuwa majigambo."

"Kweli," akasema Kiboko, ambaye hakuwahi kuliwaza jambo hilo tangu azaliwe.

Asubuhi Kifaru akaandikishwa sifa zote. Hakupenda, ila nani atabishana na Mfalme wa Miayo? Sifa zikajaa chumba cha Kiboko, zikapita chumba cha Nguchiro kutoka ukuta mpaka ukuta, zikaingia mlangoni kwa Kifaru mwenyewe.

Alfajiri ikafika. Mashine ikaita sifa zote, Kiboko akachekelea. Kifaru akasogelea bomba lake.

Kroo, kroo, kroo!

"Nini hii?" Kifaru akaligonga kwa pembe. Ngo! Ngo! Kroo, likajibu bomba.

Akaandika "fungua" yake upya, akaiwasha mashine iite tena. Maji yakaja, sifa zikakatika, na Kiboko akatoka bwawani: "Mfalme wa nini? Mfalme wa nini!" Kifaru akarudisha sifa, bomba likakauka. Kufika adhuhuri dimbwi lilikuwa limepasuka nyufa, ngozi inamwasha, kupe wanasherehekea mgongoni. Akaja mbio mlangoni kwa Nguchiro, ardhi ikitikisika. Du! Du! Du!

"Bi Nguchiro! Sina maji!"

"Pole, fundi. Nitakuwa mwangalifu," akasema Nguchiro, kwa sauti nzito ileile ya Kifaru.

Kifaru akainamisha kichwa. Aibu ilimshika, na kiu pia.

"Ile lugha ya Kindi," akasema polepole. "Inaanzaje?"

Wakaenda mashineni pamoja. Nguchiro akatamka, Kifaru akaandika. Walipofika kwenye sifa za Kiboko, mashine ikalia, "Piii! Hapana. Jina limezidi chumba."

"Inanikatalia mimi!"

"Na mimi ilinikatalia, fundi. Jaribu tena."

"Piii! Hapana. Jina limezidi chumba."

Kiboko naye akaja, akaingurumia mashine mpaka majani ya mkindu yakapeperuka. Mashine ikamsikiliza hadi mwisho. "Piii! Hapana."

Kiboko akabaki mdomo wazi. Hakuwahi kukutana na kitu kisichoogopa mdomo wake. Basi Kifaru, huku akinung'unika na kufuta na kuandika, akamchimbia Kiboko chumba kipana kule mwisho wa safu, ambako hakuna jirani. Safari hii mkaguzi alisoma kila neno akaridhika. Trrrr! Kwa Nguchiro, trrrr! Kwa Kifaru, trrrr! Watoto wa Nguchiro wakakinga vibuyu mlangoni kwao, wakimwagiana maji na kupiga kelele, na mama yao akaketi chini akalia kidogo kwa furaha.

Kifaru akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Bi Nguchiro, Kiboko hana akili ya kutunga Mfalme wa Miayo. Nani alimtungia?"

Nguchiro akasogea karibu na shimo lake, mguu mmoja ndani.

"Nilikueleza kwa maneno, fundi, ukanijibu kwa methali. Nikaona nikueleze kwa kiu."

Kifaru akatafuna maneno hayo. "Na kama sifa zingezidi kidogo, zikafika kwa Swala? Ana vichanga yule!"

"Ndiyo maana nilimnyima ile shingo nzuri. Nilihesabu kwa vidole, fundi, na moyo unanidunda, maana lugha ya babu yako haina wa kunihesabia."

Puh! akapuliza Kifaru, akarudi zake dimbwini.

Basi, watoto, anayekukatalia kabla hujakosea ni rafiki kuliko anayekunyamazia mpaka uharibu.