Kunguru na Ubao wa Korongo

Paukwa ubao!
— Pakawa chapa!
Nani achonge?
— Chonga wewe, sisi tunasikiliza!

Hapo kale, ndege walipokuwa na soko lao, aliishi Bi Kigong'ota, mchonga chapa. Kwa marehemu mama yake alirithi kitu kimoja tu: ubao wa mninga uliochongwa korongo akimfunika kifaranga kwa bawa. Akiupaka masizi na mafuta ya nyonyo, akalaza kitambaa juu yake, akasugua kwa mgongo wa upawa, kisha akabandua, korongo huyo! Ni kama mama amerudi kazini.

Siku moja ubao haukuwepo. Akamkuta Kunguru nao sokoni, anajitapa: "Njooni! Kazi ya mdomo wangu!"

"Kunguru, nipe ubao wa mama yangu."

"Ubao gani, bibie?"

"Kunguru, nipe ubao wa mama yangu."

"Ala! Marehemu ana mali?"

"Kunguru, nipe ubao wa mama yangu!"

"Kashtaki."

Jamani, mmewahi kukasirika hadi mate yakakauka? Manyoya yalimsimama. Angeweza kumtoboa jicho. Lakini Bi Mbuni, mkuu wa soko, alikwishafika, anauliza nani mwenye mali. Kigong'ota akaimeza hasira, akasema polepole:

"Kama ni wake, mbona hauna jina lake? Fundi hutia jina."

"Hilo tu?" Kunguru akainama, akachonga pembeni: KUNGURU. Ko! Ko! Ko! Kila pigo lilimwingia Kigong'ota kifuani.

Wakapaka, wakasugua, wakabandua. Ndege Kanga, aliyesimama karibu, akasoma kitambaani: "U-RU-GNUK." Akakodoa macho. "Urugunuki? Ndiye nani huyo?"

Soko likaangua kicheko.

"Chapa hugeuza!" Kigong'ota akafoka. "Kushoto huwa kulia. Mchongaji huandika kinyume tangu siku ya kwanza. Huyu hajawahi kuchapa hata inzi!"

Njia ya mwongo ni fupi. Mbuni akamrudishia mwenyewe ubao wake. Hapo Kunguru akaanza kubembeleza.

"Shangazi, lifute jina langu."

Akakataa.

"Shangazi, nitalisugua mwenyewe."

Akakataa.

"Shangazi, watanicheka!"

"Na wakucheke! Si ulisema marehemu hana mali? Basi kila nitakapochapa, mama atamkumbatia mwanawe, nawe mwizi utasimama pembeni, kinyumenyume."

Na hajalifuta hadi leo.

Hadithi imechapwa, wino umekauka. Asiyeipenda achonge yake!