Aliyetoa Figo Akakwepa Sindano

Wapendwa, kulikuwa na bwana mmoja aliyemtolea mdogo wake figo. Alipasuliwa, akatoa moja, akabaki na moja. Kanisani kwao alisimamishwa mbele, akapigiwa makofi mpaka kichwa kikamvimba. Nani asingevimba?

Daktari akaita familia. Akawaeleza kwamba mgonjwa atameza dawa maisha yake yote ili mwili usiikatae figo ya kaka, na dawa hizo zinapunguza kinga. Yeye atachanjwa, lakini huenda chanjo isimkinge vya kutosha. Kwa hiyo wote wanaoingia kwake nao wachanjwe dhidi ya homa ya mafua.

Mke wa mgonjwa akachanjwa. Mama mkwe, anayeogopa sindano kama nyoka, akachanjwa. Yule bwana kila akikumbushwa anacheka.

"Shemeji, nimetoa figo nzima. Na mkono pia mnautaka?"

"Ni dakika moja tu, shemeji yangu."

"Basi watoe mkono hao ambao hawajatoa kitu."

Ikafika Jumapili ya shukrani, naye ana kikohozi. Angeikosaje siku yake? Akaja, akamkumbatia mdogo wake mbele ya watu, picha zikapigwa. Siku ya tano mdogo mtu yuko wodini, hapumui vizuri, na vipimo vinaonyesha mafua. Alipona, Mungu ni mwema. Figo haikupona.

Kaka akamfuata kwenye mashine ya kusafisha damu. Alikuwa amepanga maneno mengi. Machozi yakayatangulia.

"Usilie, kaka," mdogo wake akamwambia. "Watu nimewaambia figo ilichoka yenyewe."

Ndugu zangu, hilo ndilo lililomvunja. Mpaka leo kanisani wanamsifu, naye anaangalia viatu vyake. Alichokitoa kwa kisu alikichukua kwa kikohozi, na aliyenyang'anywa ndiye anayemfichia aibu.

Sisi je? Tumewachangia wagonjwa wetu, tumefunga, tumewaombea, tukajiona tumemaliza. Nani kati yetu aliwahi kujiuliza anaingia kwao na nini kifuani?

Kesho zahanati inafunguliwa saa mbili asubuhi. Twendeni. Mimi mchungaji wenu nimechanjwa Alhamisi iliyopita tu, baada ya miaka miwili ya kumwekea mikono dada yetu aliyepandikizwa figo. Naona aibu kuwaambia. Kila mara aliniinamishia kichwa, wala hakuniuliza kitu.