Chungu Alichopewa Mize

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, palikuwa na mji wa washona kofia, na mji huo ulikuwa na ada yake. Mtoto alaye chungu cha babake, chumo lake ni la babake. Lakini baba akimkabidhi mtoto chungu kipya mbele ya majirani, mtoto huyo amefunguliwa: akichuma ni chake, akikopa ni shauri yake. Ada nzuri, wenyewe walisema, mpaka ilipomfika Mize.

Mize alikuwa mdogo, mama amekwisha kufariki, ukaingia mwaka wa njaa. Babake, Kombo, akaliweka shamba rehani wapate kula. Chakula kikaisha, akaamua kwenda kutafuta vibarua mbali. Asubuhi ya safari majirani walikuja kumuaga. Kombo akaitazama nyumba nzima, asione cha kumwachia mwanawe ila chungu kimoja alichokinunua marehemu mkewe, hakijaingia motoni. Akampa. Majirani wakatazamana. Kombo hakuwaona, maana alikuwa analia. Akaondoka.

Shangazi Kidawa, dada yake Kombo, akamchukua mtoto. Kidawa alikuwa mkali wa maneno, ila chakula chake hakuwa na ubahili nacho. Akamfundisha Mize kushona viua vya kofia. "Fumua," alikuwa akimwambia. "Hiki si kiua, hiki kidonda." Mize akafumua, akashona, akafumua. Siku alipohitimu, macho ya Kidawa yalikuwa yamechoka hata hawezi kutunga uzi.

Basi tajiri mmoja akawa anamwoza mwanawe, akamtaka Mize ashone kofia za bwana harusi na za nduguze wote. Mwaka mzima msichana aliinama. Ujira ukaletwa: mtamba mwekundu, ana mimba. Kabla hajazoea zizi, Kombo akarudi, amekonda, mikono imeota sugu, mfukoni hamna kitu. Wakamgombania mtamba, wakaenda kwa sheha wa mji.

Kombo akasema, "Ng'ombe ni wangu. Nikimuuza nitalikomboa shamba, na shamba lile niliweka rehani mwanangu ale. Chungu nilimpa kwa kuwa sikuwa na kingine. Sikumfungua mimi. Baba gani amfungue mtoto wa umri ule?"

Kidawa akasema, "Kaka, ng'ombe ni wangu. Chungu chako kimekaa uvunguni kwangu, hakijapikiwa hata uji. Mtoto amekula changu, na macho yangu yameishia katika kumfundisha. Nisipopata maziwa ya kuuza, nitakula nini?"

Mize akasema, "Sindano nimeishika mimi. Namtaka mtamba wangu, nami niwe mtu wa kuombwa, si wa kuomba."

Sheha akakuna kichwa. "Mwanangu, aliyekipokea chungu ni wewe. Siku ile babako alikufungua, au alikupa chungu tu? Utakalosema ndilo nitakaloshika."

 Swali hilo Mize alikuwa akijiuliza tangu utotoni, na kila alipojiuliza alilia, akiamini babake alimtupa. Leo amesikia kwa kinywa cha baba mwenyewe kwamba hakumtupa. Ndiyo maneno aliyoyangoja miaka yote, na ndiyo hayo hayo yanayomchukulia ng'ombe wake. Akisema alifunguliwa, mtamba ni wake, na watu wote watakuwa mashahidi kwamba tangu asubuhi ile hakuwa na baba. Akisema hakufunguliwa, amempata babake, na babake atamfungua mtamba kamba akamuuze alikomboe shamba. Na Kidawa, ambaye hakuna aliyemuuliza neno, amekaa pale, mikono mapajani.

Kombo alikuwa anamtazama mwanawe. Hakumhimiza.

Aliyenisimulia mimi alifika hapa akanyamaza, nikamsihi, akakataa katakata. Basi nami siongezi. Semeni nyinyi mliokula na baba, na nyinyi mliolelewa na shangazi: Mize ajibu nini, na mtamba yule ni haki ya nani?