Yungiyungi la Sebuleni

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya wageni, na sebuleni mwa nyumba hiyo alikuwa na tangi kubwa la kioo, na ndani ya tangi, pamoja na samaki wadogo wa rangi, alikuwa na yungiyungi moja. Mtu huyo aliitwa Ambokile. Ninyi mnaolea, mnaofundisha na mnaoongoza, nisikilizeni. Habari hii ni yenu, ingawa sijamtaja mtu yeyote aliyekaa hapa, kwa hiyo msianze kutazamana.

Yungiyungi lile halikuwa la kununua. Nyuma ya nyumba alikozaliwa Ambokile palikuwa na kidimbwi cha chemchemi, nacho kilijaa mayungiyungi ya buluu ambayo mama yake aliyatunza tangu alipoolewa. Ikafika siku barabara ikapanuliwa, na ikaamriwa kidimbwi kifukiwe. Kabla kifusi hakijaletwa, mama aliingia majini na khanga yake, akapapasa chini, akang'oa shina moja pamoja na tope lake, akaliweka ndani ya kigae cha chungu kilichovunjika. Akakipakata kigae hicho garini njia nzima mpaka mjini kwa mwanawe. Akamwambia, "Hili ndilo lililobaki. Lisikufie mikononi." Haukupita muda mrefu, mama naye akafariki. Kidimbwi hakipo, mama hayupo, na mayungiyungi yake yote hayapo, isipokuwa hilo moja.

Ambokile alikuwa mtu nadhifu, na unadhifu si dhambi. Alivaa mashati ya mikono mirefu yaliyopigwa pasi, na vifungo vya mikononi havikufunguliwa mpaka wakati wa kulala. Mchanga wa tangi aliuosha yeye mwenyewe kwenye beseni, akabadilisha maji tena na tena, mpaka maji yakatoka safi kama yalivyoingia. Mchanga ukawa mweupe, hauna hata chembe ya taka. Kabla hajajaza maji akachimba shimo katika mchanga huo, akakiweka kigae pamoja na shina lake, akakifunika vizuri, maana kigae cha chungu katika sebule ya wageni kilimtia haya.

Yungiyungi likashika. Likatoa majani mapana yaliyolala juu ya maji, kisha likatoa ua la buluu lililosimama juu ya shingo yake. Watu wakaja kulitazama. Ambokile akajivuna, na kwa haki. Ua la mama yake lilikuwa limechanua katika nyumba yake.

Hapo ndipo alipoanzisha desturi. Alinunua mbolea ya maji, ya kijani, iliyotiwa katika chupa nzuri, akaiweka kwenye sinia kando ya tangi. Kila mgeni wa heshima aliyefika alikaribishwa alilishe ua. Mgeni alijaza kifuniko cha chupa, akamimina juu ya maji, watu wakapiga makofi, picha ikapigwa. Walimimina maaskofu, walimimina wakurugenzi, walimimina maharusi wakiwa wameshikana mikono. Kila mmoja aliondoka akisema kwao, "Ua la Ambokile nimelilisha mimi." Naye Ambokile hakuwa akimdanganya mtu. Aliona chupa ikimiminwa, aliona ua likichanua, akaamini kwamba hili limetokana na lile. Ni wangapi kati yetu tunaoamini hivyo hivyo?

Sasa jueni jambo moja kuhusu mimea ya majini. Ipo inayokula kwa majani yake, na hiyo ukiimiminia mbolea ndani ya maji itapata shibe yake. Yungiyungi si la ukoo huo. Chakula chake hukitafuta chini, kwa mizizi, gizani. Kisichofika chini, kwake hakijafika.

Baada ya miaka michache ua likapungua, kisha halikuja kabisa. Majani yakawa ya manjano pembeni, yakatoboka. Kila jani jipya lilikuwa dogo kuliko lililotangulia, mpaka likaja moja dogo kama kifungo cha shati. Ambokile akaogopa. Akaongeza wageni, akaongeza vifuniko, akabadilisha chupa akanunua ya kigeni. Lakini chakula kilichomwagwa majini hakikosi wa kukila. Utando wa kijani, ule ule unaoota kwenye birika lililosahaulika, ukapanda vioo vyote. Ukanenepa, ukawa kama blanketi, na yungiyungi likaendelea kufa njaa katikati ya karamu iliyoandaliwa kwa jina lake.

Mambo yakawa hivyo hadi ilipokaribia siku ya kumbukumbu ya mama. Ukoo wote ulikuwa umekubaliana kukutana katika nyumba ya Ambokile, na kila aliyepiga simu aliuliza habari za ua. Wengine walitoka mbali, na walikuja kuona kitu kimoja tu. Ambokile alijibu, "Lipo, njooni." Kisha akaenda dukani akanunua yungiyungi la plastiki, zuri sana, la buluu ile ile.

Msimcheke. Lililomsumbua halikuwa aibu peke yake. Aliposimama mbele ya tangi alisikia sauti ya mama akisema lisikufie mikononi, naye aliona linamfia. Mtu aliyeshindwa kuokoa kitu anachokipenda anaweza kutamani angalau kukificha kifo chake.

Asubuhi ya mkesha wa kumbukumbu, dada yake Sekela, mdogo wake wa kumfuata, alifika mapema kusaidia jikoni. Akamkuta kaka yake amesimama sebuleni, ua la plastiki mkononi, akitazama namna ya kuling'oa lile la mama kwa koleo refu la jikoni asilowane. Sekela alisukuma mkono wa gauni lake juu mpaka begani, akaingiza mkono ndani ya tangi, akapapasa chini ya mchanga, akalinyanyua shina taratibu.

Shina halikutoka peke yake. Lilitoka limekikumbatia kigae. Mizizi yote ilikuwa imekizunguka, ndani na nje, imejisokota kwenye kila ufa wake, na hakuna hata mzizi mmoja uliokuwa umejisumbua kuelekea upande wa mchanga mweupe. Na kigae kilikuwa safi. Tope lile mama alilolipakata njia nzima halikuwemo tena. Lilikuwa limeliwa lote, mpaka kigae kikabaki kama sahani iliyorambwa.

Ambokile akakiinamia kigae. Akaelewa ni nani aliyekuwa akililisha ua lile miaka yote ya makofi na picha.

Sekela akasema, "Kaka, ua hili linakula kwa miguu, na ninyi mmekuwa mnalilisha usoni."

Kisha akamkumbusha jambo ambalo Ambokile alikuwa amejitahidi sana kulisahau. Kila mwaka kabla ya mvua, mama yao alichukua udongo wa kichuguu, akauchanganya na samadi kuukuu ya mbuzi iliyokwisha kuoza ikakauka, akafinyanga vidonge, akavianika juu ya bati. Vilipokauka aliingia navyo kidimbwini. Akavizamisha kimoja kimoja kwa dole gumba, kando ya shina, mbali kidogo na mizizi isiungue, na chini sana ili vimeng'enyukie humo humo ardhini. Kisha akatoka na tope mpaka begani, na hakuosha. Alipita nalo kijijini hivyo hivyo, anasalimia watu, kichwa juu. Waliomtania walimuuliza amemzika nani, naye alicheka akapita. Ndugu zangu, yule mama alijivunia mkono ule kuliko mwingine anavyojivunia bangili. Na Ambokile, aliyekuwa mwanafunzi wakati huo mwenye sare safi, alikuwa akivuka njia aende upande wa pili, asijulikane kuwa ni mwanawe.

Siku ile ndugu hao wawili waliacha shughuli za jikoni kwa watu wengine. Wakatafuta udongo wa kichuguu, wakapata samadi kuukuu kwa jirani mfugaji, wakafinyanga vidonge kama walivyomwona mama akifanya, wakavikausha karibu na jiko kwa kuwa jua peke yake lisingewahi. Sekela akakijaza kigae udongo mpya, akakirudisha mchangani pamoja na shina lake. Ambokile akasema vidonge ataviweka yeye. Akafungua kifungo kimoja cha mkono wa shati, akakunja kidogo, akachovya vidole na kukisukuma kidonge kwa juu juu. Kidonge kikapasuka. Maji yakawa ya kahawia, samaki wakakimbilia pembeni, na sebule nzima ikanuka zizi la mbuzi.

Ambokile akataka kufunika tangi kwa kitambaa. Sekela akamzuia. "Zamisha mkono, kaka. Acha kuyaogopa maji."

Basi akazamisha. Mkono ukaingia hadi kiwiko, ukapita kiwiko, shati likalowa, pasi yote ikapotea, mpaka maji yakamfika begani na shavu lake likagusa ukingo wa kioo. Akakisukuma kidonge chini mpaka kikagonga sakafu ya tangi. Akarudia kingine, na kingine, kulizunguka shina. Akaitoa ile chupa ya kijani kwenye sinia. Sinia likabaki tupu.

Kesho yake ukoo ukafika. Waliingia sebuleni wakitafuta buluu, wakakuta maji bado yana ukungu wa kahawia na majani machache yaliyotoboka. Minong'ono ikaanza. Ambokile angeweza kusema kwamba ua lilichanua wiki iliyopita, na wangemwamini. Ua la plastiki lilikuwa bado kabatini, na angeweza kuliweka kabla hawajaingia. Hakufanya hata moja kati ya hayo. Alikuja mbele yao akitoka kuzamisha kidonge cha mwisho, mkono mmoja wa shati umekunjwa hadi begani, matone yanadondoka sakafuni, tope limenata kwenye nywele za mkono. Akasema ua lilikuwa linakufa kwa njaa, aliyeliua kidogo kidogo ni yeye, na sasa yeye na Sekela wameanza kulilisha.

Akainuka mama yao mdogo, mwanamke mzee aliyekuwa haoni vizuri, akamsogelea, akaushika ule mkono. Akaupapasa kutoka kiganjani mpaka begani, polepole, akisikia tope chini ya vidole vyake.

Akasema, "Huu ni mkono wa dada yangu."

Ambokile alikuwa amepigiwa makofi na maaskofu na wakurugenzi. Alikuwa amepigwa picha nyingi kuliko mtu yeyote katika ukoo wake. Lakini wote waliokuwepo wanasema hawajawahi kumwona amesimama wima kama siku ile, analia, kichwa juu, na mkono umeachwa wazi kila mtu auone. Hakuuosha mpaka wageni walipoondoka. Huo ndio ufahari, ndugu zangu, na ningependa sana kuwaona ninyi nyote mkiwa nao. Msidanganywe na wanaosema kwamba kila fahari ni kiburi. Ipo fahari ambayo Mungu mwenyewe huitazama akafurahi, na fahari hiyo ina tope.

Mvua ziliponyesha yungiyungi likatoa jani pana, kisha jingine. Vioo vilisuguliwa, na utando uliokosa karamu yake haukurudi tena. Kisha siku moja wakati wa chai, ua la buluu likafunguka sebuleni, kubwa kuliko la mwanzo. Wageni wanakuja hata sasa. Wanatafuta chupa, hawaioni. Wanauliza ua hili linalishwa lini na nani, mbona hatuoni. Ambokile hawaelezi mengi. Anasema, "Limekwisha kula." Wala hakuna mgeni anayeondoka akisema nimelilisha mimi. Lakini shina lilipozaa machipukizi, alimpelekea Sekela moja, ndani ya kigae, na tope lake.

Sitawafafanulia maji ni nini, na mchanga ulioshwa mpaka ukabaki hauna kitu ni nini, na ile chupa nzuri kwenye sinia ni nini. Ninyi si watoto. Mnajua ni maneno gani tunayowamiminia wana wetu mbele ya watu, siku za sherehe, huku chini yao hatujaweka kitu. Mnajua pia kwamba wengi wetu tulichanua kwa tope la kigae fulani, na aliyelipakata njia nzima hatujamtaja hadharani hata siku moja.

Nawauliza neno moja tu, kisha mwende nyumbani. Wewe unayejivunia ua la nyumba yako, na ujivunie kweli, hebu nyoosha mkono wako tuuone: umelowa mpaka wapi?