Mkutano Kwenye Chumba cha Boila

Wapendwa, kulikuwa na kampuni moja ya chai huko nyanda za juu, na bodi yake ilikuwa ya wanaume watupu. Wanahisa wakapiga kelele: hivi nchi nzima hakuna mwanamke mwenye akili? Bodi ikaona yaishe, ikamwingiza mama mmoja, mhandisi wa mitambo.

Siku ya kwanza mwenyekiti alimpokea kwa tabasamu pana. "Karibu, mama. Mwaka huu picha yetu itapendeza." Kisha akamsogezea chupa ya chai. "Hebu tumiminie."

Yule mama alijaza kikombe chake, akaisukuma chupa kwa mzee aliyekaa jirani yake. Wengine wakakohoa.

Wakaingia kwenye ajenda. Fundi mkuu wa kiwanda alikuwa ametoa taarifa kwamba boila, lile tangi kubwa linalochemsha maji na kutoa mvuke wa kukaushia majani, limepata ufa. Lizimwe, litengenezwe.

"Tuzime msimu huu?" mwenyekiti akauliza. "Majani yamejaa mashambani! Litazimwa mavuno yakiisha. Wanaokubali?"

Mikono ikapanda yote, isipokuwa mmoja.

"Mama, mkono wako uko wapi?"

"Uko hapa mezani, mwenyekiti, na utabaki hapa hapa."

"Basi, hatuuhitaji. Hoja imepita."

Ndugu zangu, ninyi mngefanya nini? Yule mama alijua kwamba waliomwingiza kwa mlango ule wanaweza kumtoa kwa mlango ule ule. Alijua vilevile kwamba ufa wa namna ile haungoji mavuno. Akasema, "Nami nina hoja. Kikao kijacho tukifanyie kiwandani, kwenye chumba cha boila, likiwa linafanya kazi."

Wakacheka. "Mama, kule kuna joto!"

"Tutavua makoti. Kama ni salama kwa vijana wanaolilisha kuni kutwa nzima, ni salama kwetu sisi tutakaokaa saa moja. Nani anakuja?"

Kicheko kikakatika. Akawatazama mmoja baada ya mwingine. Huyu akashika simu, yule akafuta miwani. Mwishowe yule mzee aliyekaa jirani yake akasema polepole, "Mimi siendi. Nina wajukuu."

"Na wale wanaoingia kesho asubuhi, mzee wangu, hawana watu wao?"

Mzee akainamisha kichwa. "Mwenyekiti," akasema, "turudie kura."

Boila likazimwa. Mafundi walipolifungua, walikuta chuma kimeliwa na kutu kiasi kwamba nyundo ilipogonga, ilipenya. Ni kweli, majani mengi yaliozea mashambani, na mama wa watu alitukanwa sokoni. Lakini msimu uliofuata mitambo haikusimama hata mara moja, wafanyakazi waliokuwa wamehama kwa kuogopa boila walirudi, na kampuni ikafanya vizuri kuliko ilivyowahi kufanya.

Ukafika mkutano mkuu wa wanahisa. Mwenyekiti akasimama kifua mbele. "Tulifanya uamuzi wa busara," akasema, "na mama yetu huyu alitusaidia kwa huruma yake ya kike. Tumemwandalia zawadi ya kitenge."

Watu wakapiga makofi. Yule mama akaenda mbele, akakipokea kitenge, akakiweka mezani.

"Asante. Ila haikuwa huruma, ilikuwa kazi yangu, na nilisomea. Kitenge ninacho nyumbani. Leo ni siku ya uchaguzi, nami nagombea hicho kiti chako."

Na akakipata!

Mbona mnashangilia? Ngojeni kwanza. Sisi, hapa kanisani kwetu, mawe ya msingi huu yalibebwa na nani kichwani? Na kamati ya ujenzi ina akina mama wangapi? Mnaangalia chini. Hakuna hata mmoja. Kila mwaka tunawavisha khanga, tunawaimbia, tunawapiga picha, halafu tunafunga mlango wa kikao na kuwaachia sufuria. Tunamnyamazisha yule ambaye Mungu amempa macho ya kuona ufa, kisha paa likivuja tunaitisha maombi!

Baada ya ibada tunachagua kamati mpya. Akina baba, nawaomba msiwaletee akina mama kitenge. Akina mama, msingoje kuitwa. Simameni sasa hivi, mtaje majina yenu, mimi nitayaandika.